Siku Basi Zima Lilipomsubiri Bibi

Mwezi uliopita nilivuka mpaka wa kwenda Dubai bila kushuka garini. Mume wangu aliteremsha kioo, akatoa kadi zetu, kijana aliyekuwa dirishani akazitazama, akazirudisha, tukapita. Binti yangu alikuwa kiti cha nyuma na simu yake, hakujua hata kama tumebadilisha nchi. Mimi niligeuza shingo kutafuta jengo la zamani lenye benchi la saruji chini ya mabati. Sikuliona. Nilibaki nimegeuka hivyo mpaka tukatoka milimani, na mume wangu akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa siumwi. Nilikuwa nimerudi kuwa na miaka tisa, nimekaa kwenye benchi lile ubavuni mwa bibi yangu, na jua limesimama utosini.

Wacha nikuhadithie.

Tulikuwa tunakaa Darsait, mtaa mmoja wa Maskati, ghorofa ya pili, juu ya fundi wa viyoyozi aliyegonga mabati yake tangu asubuhi. Ndani tulisema Kiswahili cha Unguja, nje Kiarabu. Bibi, mama yake baba, alifika Maskati mtu mzima tayari, na Kiarabu chake kilikuwa cha sala na cha kununulia samaki, basi. Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake, ambaye mumewe alimchukua Dubai wakati ule watu wa Unguja walipotawanyika. Walikuwa hawajaonana kwa zaidi ya miaka thelathini. Kati yao ulikuwa mwendo wa siku moja kwa gari, lakini leo mtoto anaumwa, kesho mume anaumwa, halafu karatasi hazijatimia. Kila mwaka safari ilikuwa ni ya mwakani.

Jioni moja simu ikalia. Mdogo wake bibi alikuwa akipoteza macho. Keshokutwa asubuhi angefanyiwa operesheni, na daktari hakuahidi kitu. Bibi aliweka mkono wa simu mahali pake taratibu, akakaa, kisha akasema, "Nakwenda kesho. Nataka anione."

Baba hakupata ruhusa kazini. Alikuwa karani wa duka la spea za magari Wattaya, na gari hatukuwa nalo. Ndege haikuwa ya watu kama sisi. Lililobaki ni basi la asubuhi linalotoka Ruwi, basi la mafundi na vibarua, nauli yake ndogo. Mimi nikachaguliwa kumsindikiza ili niwe ulimi wake.

Bibi hakulala tena baada ya sala ya alfajiri ya siku ile, wala sijui kama alilala kabla yake. Niliamshwa na harufu ya iliki. Alikuwa ameshachoma mkate wa kumimina, amekaanga sambusa na bajia, na sasa anavingirisha visheti kwenye shira, kwa sababu mdogo wake alipokuwa mtoto aliwahi kulia siku nzima kwa ajili ya visheti. Vyote vikaingia kwenye kikapu, kikafunikwa kitambaa cheupe. Mama alimwambia, "Bibi, huko Dubai chakula kipo." Bibi akajibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Atapona kwa mikono mitupu?"

Mpaka siku ile nilidhani dunia inaishia Sib. Basi likapita Sib, likapita Barka, na dunia ikawa bado inaendelea. Kulia mitende, mashamba na vijiji vilivyoificha bahari. Kushoto milima, ambayo Maskati niliijua kama ukuta wa nyuma ya nyumba, sasa imesimama mbali, safu nyuma ya safu, rangi ya moshi. Nilibandika uso kwenye kioo saa nzima. Nilipomtazama bibi nikaona amefungua mdomo kidogo, kama mimi. Alikuwa ameishi nchi hii miaka yote ile na hajapata kuiona.

Basi lilikuwa na watu wasiozidi ishirini. Mafundi wa ujenzi, wengi wa Kipakistani, wamelala kichwa hiki juu ya bega lile. Mama wa Kihindi na mtoto mchanga. Mwalimu wa Kisudani mwenye kilemba kikubwa. Bwana mmoja mwenye mkoba wa ngozi, ambaye kila dakika alitazama saa yake. Na dereva, Mbalushi mzee, ndevu zake zimetiwa hina.

Ilipokaribia adhuhuri tukaacha barabara ya pwani, tukaingia baina ya milima, tukafika mpakani. Wote tulishuka tukapanga foleni. Askari kijana alizitazama karatasi zetu muda mrefu, kisha akaniuliza mimi, "Baba yako yuko wapi?"

"Yuko kazini Maskati."

"Na barua yake ya idhini iko wapi? Mtoto havushwi mpaka bila idhini ya baba."

Nikamtafsiria bibi. Hatukuwa na barua. Hakuna aliyetuambia. Bibi akasema, "Mwambie mimi ndiye niliyemzaa huyo baba."

Nikamwambia. Askari alitabasamu kidogo, lakini akatikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya, sheria ndivyo ilivyokuwa. Bibi peke yake angeweza kupita, mimi sikuweza, na kuniacha pale hakungeweza kufikirika.

Dereva akaja. Akaniinamia, akasema kwa upole kuwa lazima aondoke, na basi jingine ni kesho. Kesho operesheni ingekuwa imeshafanywa. Nikatafsiri na hilo. Bibi akaenda kwenye benchi la saruji, akakaa, akaweka kikapu miguuni.

"Mwambie ende kwa amani," akasema. "Mimi sirudi nyuma. Ntakaa hapa hapa mpaka Mungu alete njia."

Dereva alikwenda kututolea mizigo. Nikamwona mwalimu wa Kisudani anamuuliza kitu, kisha anapanda ndani kuzungumza na wengine. Hatukusikia waliyosemezana. Kwanza yule bwana wa mkoba alipandisha sauti na kuonyesha saa yake. Kisha akaushusha mkono. Kisha dereva akapanda, akazima injini.

Sijasahau ukimya ule. Milima mitupu pande zote, joto linatetemeka juu ya lami, na abiria wakaanza kushuka, mmoja mmoja, mafundi, mama na kichanga chake, mpaka basi likabaki tupu. Wakaja kukaa kivulini pamoja nasi, wengine kwenye benchi, wengine chini. Mwalimu akaniambia, "Mwambie bibi yako tunasubiri."

Nikamwambia. Bibi akawatazama, mtu baada ya mtu. Kisha akaniuliza, "Wote?"

"Wote, bibi."

Bwana wa mkoba ndiye aliyeingia ofisini akarudi na ruhusa ya kutumia simu na faksi. Tukapiga dukani kwa baba. Alikuwa ametoka kupeleka spea, hajulikani atarudi saa ngapi. Tukaacha maneno, tukasubiri. Bibi akavuta kikapu, akaondoa kitambaa, akaanza kugawa. Mkate, sambusa, bajia, mpaka visheti vya mdogo wake. Mafundi walipokea kwa mikono miwili. Fundi mmoja mzee alikula kisheti, akafumba macho, akasema neno kwa lugha yake. Hakuna aliyeelewa, na sote tuliitikia. Kikapu kilipokwisha, mama wa Kihindi alimweka mtoto wake mapajani mwa bibi, kwenda kunawa. Mtoto akalala pale pale.

Saa tisa faksi ikaja. Askari mwenyewe aliitoa nje mbio, karatasi bado inajikunja, imeshagongwa muhuri.

Tulifika Dubai jua likizama. Nyumba ya mdogo wake bibi ilikuwa uchochoroni, na yeye alikuwa amewekwa mlangoni kwenye kiti tangu alasiri. Nilitarajia vilio. Havikuwapo. Alimshika bibi mabega, akamgeuza uso uelekee mwanga wa magharibi, akamsogeza, akamsogeza tena, kama mtu asomaye herufi ndogo. Akamtazama sana.

"Umezeeka, dada," akasema.

"Na wewe umezeeka. Nilikuletea visheti, nimewapa watu njiani."

"Watu gani?"

"Hata siwajui," bibi akasema, na hapo ndipo alipolia.

Operesheni ikafanywa, jicho moja halikupona, la pili likaona kivuli tu, nalo baadaye likazimika. Uso ule wa dada yake kwenye mwanga wa magharibi ndio wa mwisho aliouona ukiwa kamili.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nilimuuliza bibi kama alijua siku ile kuwa watamsubiri. "Wapi," akasema. "Mimi nlikaa kwa kuwa miguu ilikataa." Lakini kila Ijumaa, akishawataja marehemu wake, aliwaombea na "watu wa basi", akiwahesabu kwa vidole: mwalimu, mama na mwanawe, mafundi, bwana wa saa, dereva, askari. Majina hakuwa nayo. Alisema Mungu anawajua.

Bibi hayupo, mdogo wake hayupo, na dereva mzee nadhani naye keshatangulia. Siku hizi tunavuka kila mtu ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa, na wa mbele yako akikwama hutajua, kwa sababu umeshampita. Mimi Ijumaa huwaombea watu wa basi kwa Kiswahili kile kile. Binti yangu Kiswahili anakisikia, hakisemi. Juzi alinikuta juu ya mswala, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza, akaniuliza kwa Kiarabu wale niliokuwa nikiwataja ni akina nani. Nikamwambia akae.