Kampuni Ilipunguziwa Kodi, Mume Wangu Akakata Bodi ya Lori Letu

Kabla ya yote, jina langu lisionekane popote. Hapa Kolwezi, Kongo, tunajuana sana, na mume wangu naye husoma visa vya ukurasa huu. Nina miaka thelathini na tisa, nauza vitenge soko la Manika. Tunaishi Kapata na mama yangu, kwenye nyumba aliyopata marehemu baba alipokuwa mfanyakazi wa kampuni ya zamani ya mgodi. Mume wangu nitamwita Baba Rehema. Ni Mwislamu mwenye asili ya Maniema, na ukoo wao mzima ni wasafirishaji. Sijawahi kumkamata akidanganya mtu, na labda ndiyo maana yeye hudanganywa kirahisi.

Lori letu lilikuwa la njia ya Dilolo. Lilikwenda na unga, sabuni na nguo, likarudi na samaki wa chumvi. Kila kizuizi barabarani kilitaka chake, lakini tulikula na watoto walisoma.

Kisha ikatangazwa kwamba kampuni moja ya madini hapa jirani itapunguziwa kodi. Watu wake walikuja ukumbini kutueleza. Kampuni ikilipa kodi ndogo, walisema, itapanua mgodi, vijana watapata kazi, zahanati itajengwa, na mawe yote yatabebwa na wasafirishaji wa hapahapa. Mama mmoja muuza viazi akasimama, akauliza, "Sasa ile kodi yenye habatalipa, haikuwa ya kutengeneza barabara?" Watu wakacheka, mkutano ukaendelea. Mimi nilisonya nikarudi sokoni, ambako mtoza ushuru alikuwa ananisubiri kwenye meza yangu. Yeye habari za kupunguza hazikuwa zimemfikia.

Lakini Baba Rehema aliamini. Siku ile ukumbini yeye ndiye aliyewasemea wasafirishaji na kushukuru, kwa sababu wenzake walimheshimu na ndiye aliyekuwa akiwaombea dua kabla ya safari. Tulipotoka aliwakusanya. "Benzangu, tusibakie nyuma," akawaambia. "Tukate mabodi ya mbao, tutie mabenne ya kumwaga mawe. Kazi iko inakuja." Wakamfuata karibu wote. Nilikuwepo kwa mchomeleaji bodi yetu ilipokatwa. Roho iliniuma, lakini nilinyamaza kwa sababu yeye alikuwa na furaha kama bwana harusi. Mbao zake tulipikia bukari, ugali wetu, kwa muda mrefu.

Mgodi ulipanuka kweli, hilo sitasema uongo. Ila kampuni iliingiza malori yake yenyewe, mapya, bila kulipa ushuru wa mpakani. Yetu tukaambiwa hayafikii viwango, tusubiri tutaitwa. Kila alfajiri wanaume waliyaosha na kuyapanga langoni, maana kuna mtu aliwaambia kwamba lori safi ndilo linaitwa kwanza. Walipanga hivyo mpaka walinzi wakawafukuza kwa kuziba njia. Zahanati mpaka leo ni kibao tu chenye picha ya jengo. Vijana wetu wamerudi kuchimba kwa mikono, na wengine kati yao walikuwa wamefika mpaka chuo.

Dilolo nako hatuwezi kurudi. Ndani ya benne, lile sanduku la chuma lililo wazi juu, magunia yanalowa, na wenye mali wanatukatalia. Kurudisha bodi ya mbao hatuna uwezo.

Kinachoniumiza zaidi ni Ijumaa. Zamani wakitoka msikitini wenzake walimzunguka, wakacheka naye mpaka chakula kinapoa nyumbani. Sasa kila mtu anavaa viatu haraka na kuondoka. Mmoja wao alinikuta sokoni akaniambia bila hata salamu, "Mama, bwana yako alituuzisha." Sikumwambia Baba Rehema, lakini najua analijua.

Sasa imetangazwa tena kwamba kodi ya kampuni itapungua zaidi. Alirudi nyumbani uso unang'aa. Ati safari hii wasafirishaji wa hapa watachukuliwa kweli, mradi mtu awe na lori jipya. Anataka tuuze nyumba. Nilipandisha sauti mpaka majirani wakasikia. "Baba Rehema, ile ya kwanza ilituletea nini? Sema kintu kimoja tu!"

Akasema polepole, "Mama Rehema, mi njo nilibaambia bakate. Kama mi naacha kuamini, nitabaangalia na macho gani?"

Hasira yangu iliishia pale. Ikabaki huruma, na huruma ni mbaya zaidi, kwa sababu mwenye hasira angalau anaweza kukataa.

Nikakimbilia kwa mama. Nyumba haiuzwi bila yeye na mimi kukubali, na nilijua atasema hapana, nami nipate pa kujificha. Akaniambia, "Muache auzishe. Tata yako alingojeaka mishahara yake ya kampuni ya zamani mu kiti hiki mpaka akafa, na mi nilikuwa namuangalia kila siku. Wewe usikalie kuangalia wako."

"Lakini mama, ile makuta, pesa ya nyumba, itapotea yote!"

"Najua," akasema. "Itapotea."

Ndugu zangu, mimi siamini hata kidogo kwamba kodi ya mkubwa ikipungua kuna kitu kitadondoka mezani kwetu. Nikikubali, tunapoteza nyumba. Nikikataa, nampoteza mume akiwa bado anapumua. Msinishauri kusubiri, kusubiri ndiko kulikomuua baba. Nyinyi mnaosoma hili mkiwa na akili iliyotulia, niambieni nifanye nini, na mniambie leo. Baba Rehema ameshapata mnunuzi, anakuja kesho asubuhi kuangalia vyumba, na mama ameshaanza kufagia.