Ndege Waliyoiweka Kwenye Sinema

Jumapili ile Koplo Mutinda alikuwa ananyoa watu. Alikuwa na mashine ya kunyolea aliyobeba kutoka nyumbani kwake Riruta, na kila jenereta ya kambi ilipowashwa jioni alimkalisha mtu juu ya kasha tupu la risasi na kumzungushia taulo shingoni. Hakutoza kitu, ila mteja alilazimika kuimba wimbo wa Kikamba hadi kichwa kiishe. Mimi natoka Bungoma na sijui neno la Kikamba. Niliimba hivyo hivyo.

"Barasa, kichwa chako ni milima tupu," aliniambia. "Hapa hata lori la maji haliwezi kupanda."

Watu walicheka. Kisha akaanza kumwigiza kamanda wetu, sauti nzito, tumbo mbele: "Vijana, Mungu yuko nasi, lakini msivue helmeti." Kamanda mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake. Alicheka mpaka akashika kamba ya hema.

Tulikuwa ndani ya Somalia, katika kambi iliyozungushiwa mifuko ya mchanga na seng'enge. Mimi nilikuwa mtu wa redio. Kazi yangu ilikuwa kuongea na makao makuu asubuhi na jioni, na mara nyingi hatukuwa na la kuambiana. Jioni ile Mutinda alinionyesha picha ya binti yake, Mumbua, akiwa ameshika ukuta akijaribu kutembea. Mke wake, Kalekye, alikuwa fundi wa kushona nguo pale Riruta. "Nikirudi nitakuta anakimbia," alisema. Tukala wali na maharagwe, tukalala.

Walikuja alfajiri.

Kwanza lilikuja lori. Liligonga lango na kulipuka. Mlipuko wenyewe siukumbuki. Nakumbuka nilikuwa nimesimama, kisha nilikuwa chini ya meza, mdomo umejaa mchanga, na sikio langu la kushoto limekufa.

Kisha risasi.

Redio ilikuwa inafanya kazi. Niliita makao makuu. Nilisema tumevamiwa, lango limeanguka, tuna majeruhi, tunataka ndege.

"Rudia jina la kambi," sauti iliniambia.

Nikarudia.

"Herufi kwa herufi."

Nikataja herufi moja moja huku mchanga ukinimwagikia kutoka kwenye mifuko iliyotobolewa juu ya kichwa changu.

Mutinda aliingia akitambaa. Alikuwa amepigwa tumboni, chini ya fulana ya kinga. Nilimfunga kwa bandeji yangu, kisha kwa yake, kisha kwa shati.

"Wanasemaje?" aliuliza.

"Ndege inakuja."

Ndivyo walivyokuwa wameniambia. Ndege inaandaliwa. Baadaye wakasema tusubiri. Baadaye sauti ikabadilika, mtu mwingine alikuwa ameingia zamu, naye akaniuliza upya jina la kambi, herufi kwa herufi.

Mutinda alisikia. "Mwambie tumtumie ramani na nauli," alisema. Akacheka, na kicheko kikamuumiza hadi akauma mkono wake.

Wenzetu waliokuwa hai walikuwa wameshikilia handaki lililopakana nasi. Upande mwingine wote wa kambi haukuwa wetu tena. Jua lilipanda. Mutinda aliomba maji, lakini mtu wa jeraha la tumbo hapewi maji, kwa hivyo nilimlowesha midomo kwa kitambaa. Mwanzoni alikuwa akiuliza kuhusu ndege kila mara. Kisha akaacha kuuliza.

Mchana aliniuliza kama saa ya chakula imefika.

Nilikuwa nikiongea na redio. Nilipogeuka kumjibu, alikuwa amekufa.

Ndege ilikuja siku iliyofuata. Ilikuja kuchukua maiti, na sisi wachache tuliobaki.

Nilipokuwa hospitalini walimzika Mutinda kwao Kitui. Kalekye aliambiwa na ofisa aliyevaa glavu nyeupe kwamba mume wake alikufa papo hapo bila kusikia maumivu, na kwamba jeneza lisifunguliwe. Niliporudi Nairobi nilipanga chumba Riruta, si mbali na kibanda chake cha kushonea. Tulisalimiana, tulisali kanisa moja, alinishonea suruali. Hakuwahi kuniuliza kuhusu siku ile. Alikuwa ameshaambiwa ilivyokuwa.

Miaka ikaenda. Mimi na wenzangu kadhaa tuliotoka jeshini tukawa tunakutana Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Tulikunywa chai na kuzungumza, au kukaa kimya. Huko ndiko alikokuja Shiku, mwanamke wa kutengeneza filamu. Alisema anataka filamu ya kuchekesha na kuliza kuhusu watu kama sisi. Sitaki kumsingizia. Alikuja Jumamosi nyingi kabla ya kuandika neno. Alijua kusikiliza, na hakuwahi kutuhurumia kwa ile sauti ya watu wa semina.

Filamu yake ilihusu wanajeshi watatu wastaafu wanaoishi pamoja katika fleti ya Kileleshwa. Mmoja anauza bima lakini wateja wakigonga mlango anajificha. Mwingine anaendesha bodaboda na hukata kona kama mtu anayefuatwa. Wa tatu hulala sakafuni, na mpenzi wake anafikiri ni dini. Wote wanamlilia mwenzao mmoja, kinyozi wa kambi. Shiku aliniajiri niwafundishe waigizaji. Kwenye uwanja mtupu kule Muthangari tulijaza mifuko mchanga, nikawaonyesha jinsi ya kushika redio, jinsi ya kutambaa, jinsi mtu anavyokaa akiwa amepigwa tumboni. Nilimweleza Shiku kila kitu, kuanzia lori mpaka siku ya pili. Alilia. Nilimwambia pia kwamba ndege haikuja.

"Nimeelewa," alisema. "Hiyo ndiyo roho ya hadithi."

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wa sinema katikati ya jiji. Kalekye alialikwa. Alivaa gauni la kitenge alilojishonea, akakaa upande wangu wa kulia, upande ninaosikia. Viti vya mbele kabisa walikaa wageni wa heshima, na kati yao wakubwa wa jeshi waliovaa suti. Mmoja wao nilimjua. Siku ile alikuwa na cheo cha kutosha kusema neno moja na ndege ikaruka.

Nitasema ukweli, filamu ilianza vizuri. Nilicheka nilipomwona yule wa bodaboda akijificha nyuma ya mama muuza mahindi kwa sababu tairi limepasuka. Kisha ikaja kambi. Mwigizaji aliyekuwa Mutinda alimkalisha mtu juu ya kasha, akamzungushia taulo, akamlazimisha kuimba. Kalekye alishika mkono wa koti langu.

"Ni yeye," alininong'oneza. "Ni yeye kabisa. Hata vile anasimama."

Kisha ikaja redio.

"Herufi kwa herufi," ile sauti ilisema.

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko.

Nyuma yangu mwanamume alipaliwa na bisi, mwenzake akampiga mgongoni, wote wakicheka. Sauti ya pili ilipoingia zamu na kuuliza tena, walicheka zaidi. Sikuweza kuwalaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Hawakuongeza chumvi. Lilikuwa neno kwa neno nililosikia. Ni jambo la kuchekesha kweli, kama si wewe uliyeshika redio. Niliwatazama wale wakubwa wa mbele. Mabega yao pia yalikuwa yanatikisika.

Halafu muziki ukapanda, na ndege ikaja.

Ilitua katikati ya vumbi. Mutinda wa sinema alipandishwa, rafiki yake akamshika mkono, wakapaa juu ya mawingu. Alikufa huko juu akitabasamu. "Mwambie mke wangu asiache kucheka," alisema.

Watu walilia. Yule mkubwa niliyemjua alitoa kitambaa na kupangusa macho. Kalekye naye alilia, lakini kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe ndege ilikuja," aliniambia. "Na hawakuwahi kuniambia."

Taa zilipowashwa nilibaki kitini. Nimekuwa na hasira nyingi maishani, lakini ile ilikuwa mpya. Serikali ilitudai uhai, tukautoa. Sisi tulidai ndege moja. Sasa ndege hiyo ilikuwa imekuja, miaka ikiwa imepita, ikiwa na muziki, na mtu aliyetunyima alikuwa amelia, amepangusa macho, na angeenda nyumbani akiwa amesamehewa na watu waliokaa nyuma yake bila kumjua.

Nje, kwenye ukumbi wa kupokea wageni, Kalekye alinisimamisha.

"Barasa, alisema hiyo maneno? Ati nisiache kucheka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa ananitazama kwa uso mwepesi ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Hapana, Mama Mumbua. Hakusema."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama saa ya chakula imefika."

"Na ndege?"

"Haikuja. Ilikuja kesho yake."

"Kwa hivyo hakukufa hapo hapo."

"Walikuja alfajiri. Alikufa mchana. Nilikuwa naye."

Hakulia. Alitazama sakafu, na nikaona midomo yake ikihesabu saa, kutoka alfajiri hadi mchana. Kisha akafunga mkoba wake, akaenda moja kwa moja mahali Shiku alipokuwa anapigwa picha.

"Wewe ulijua ndege haikuja?"

Shiku alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Nilijua, Mama. Barasa aliniambia. Lakini watu hawangeweza kutoka hapa na huo uchungu wote. Nilitaka wapumue kidogo."

"Mimi nimepumua," Kalekye alisema. "Nimemshukuru Mungu kwa hiyo ndege yako. Nimemshukuru nikilia mbele ya watu. Sasa hiyo shukrani niipeleke wapi?"



Yule mkubwa alikuwa karibu. Labda alisikia mjane analalamika na akataka kutuliza, kama walivyozoea. Alimpa Kalekye mkono. "Pole sana, Mama. Filamu kama hizi zinaponya taifa."

"Afande," nilimwambia, "siku ile tuliita kutoka alfajiri. Ulikuwa wapi?"

"Kijana, hayo si mambo ya hapa."

"Ni ya wapi?"

Alinishika bega na kutabasamu, kwa sababu ya kamera. Hapo ndipo nilipoanza kutaja jina la kambi. Herufi moja moja, kwa sauti kubwa, ile ile niliyotumia kwenye redio. Nilipomaliza nikaanza tena. Watu wakageuka. Wengine walidhani ni sehemu ya onyesho, wakacheka, na msichana mmoja akainua simu anirekodi. Yule mkubwa akaondoa mkono wake begani pangu na kutembea kuelekea mlangoni, si haraka, akiwapungia watu. Niliendelea kutaja herufi hadi Kalekye aliponishika mkono.

"Imetosha," alisema. "Twende."

Shiku alinipigia simu wiki hiyo. Alisema ataweka maneno mwishoni mwa filamu, kwamba ndege haikuja. Nadhani alitaka kweli. Waliogharamia filamu walikataa, na filamu ikaendelea kuonyeshwa vile vile. Watu waliipenda. Mwenzetu mmoja wa Jumamosi alisema kwamba baada ya kuiona, mke wake ameacha kumuuliza kwa nini halali kitandani. Alinibembeleza nisiichukie. Sikumbishia. Kama imemsaidia, imemsaidia. Mimi siwezi kuitazama tena.

Kalekye aliniita kwake Jumapili, baada ya kanisa. Mumbua alikuwa amekaa kwenye kochi bila kuvua nguo za kanisani. Sasa ni msichana mrefu, yuko sekondari.

"Mwambie yote," Kalekye alisema. "Usipunguze."

Nilimwambia. Nilianza na lori, nikaenda hadi mchana. Nilimwambia kuhusu bandeji na shati. Nilimwambia kuhusu sauti mbili za redio, na sikumchekesha.

"Alikuwa anaogopa, anko?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Mimi pia."

"Angepona?"

Hilo swali nimelibeba tangu nilipokuwa hospitalini, na daktari mmoja alinijibu bila kuzunguka. Jeraha kama lile, mtu akifikishwa kwenye meza ya upasuaji asubuhi, wengi hupona. Nilimwambia Mumbua hivyo. Kwamba askari hufa, na baba yake alijua hilo alipovaa sare, na mimi sina ugomvi na risasi. Lakini risasi haikummaliza. Alimalizwa na kusubiri. Alikuwa na mke, na mtoto anayeshika ukuta, na alikuwa anakusudia kufungua duka la kinyozi. Aliyapoteza yote hayo asubuhi moja ambayo mtu mahali fulani alikuwa na muda wa kutosha kuyaokoa. Hakuna aliyeulizwa. Hakuna atakayeulizwa.

Mumbua aliweka mikono katikati ya magoti. Kisha akamgeukia mama yake.

"Naruhusiwa kukasirika?"

"Kasirika," Kalekye alimwambia. "Lakini kesho uende shule."