Siku Tisa za Kumnyamazia Wifi

Wivu wangu kwa wifi ulianza nyumbani kabla haujahamia kazini. Ni dada wa mume wangu, kitinda mimba, na mama mkwe hamalizi sentensi bila kumtaja. Akikaa na kaka yake wanacheka mizaha ya utotoni ambayo mimi, mke wa miaka minane, sielezwi. Nilivumilia. Halafu akaajiriwa ofisini kwetu.

Ofisi ni ya wapima ardhi, na seva yao ya Linux, kompyuta kuu inayohifadhi kazi zote, nilikuwa naitunza mimi. Kila Ijumaa nilichomeka diski, nikanakili ramani zote, nikaifungia kwenye droo. Wifi, aliyechukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu, alinitazama wiki moja kisha akaniuliza kwa adabu zote, "Wifi, na ukiumwa Ijumaa?" Nikamwambia mimi huwa siumwi.

Baada ya siku chache alikuwa ameipanga seva itume nakala yenyewe, kila siku saa saba mchana, kupitia nyaya za ofisi hadi mashine ya akiba iliyoko stoo. Ikimaliza, simu yake inapata ujumbe: Imefaulu. Bosi alimsifu kikaoni mbele ya wote. Nikapiga makofi, meno nimeyauma.

Na hata kumchukia ilikuwa kazi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiandika kwa penseli nyuma ya ramani zilizoharibika, na kila waya aliufunga utepe wa rangi yake. Mashine ikigoma anaibembeleza: haya mama, amka. Wachora ramani, ambao mimi walinisalimia kwa nyusi, yeye walimwachia kiti.

Jumanne moja umeme ulikatika. Uliporudi, seva iliamka kabla ya mashine ya stoo. Ikaitafuta folda ya akiba kwenye mtandao, haikuipata, ikaendelea na mambo yake. Saa saba nakala zikaandikwa kwenye folda tupu yenye jina lilelile, humohumo ndani ya seva. Wifi akapata Imefaulu yake kama kawaida. Mimi nilikuwa na mazoea ya kuingia mashine ya stoo kwa jina langu, kutoka kompyuta yangu, kumtafutia kosa, na mchana huo nikaona nakala ya mwisho ni ya Jumatatu. Tatizo nililijua papo hapo. Dawa yake ilikuwa amri moja. Nikafunga kompyuta nikaenda kula, na chakula kilinishuka vizuri sana. Majaribio yake yalibakiza wiki mbili.

Nilinyamaza siku tisa. Kila mchana niliingia kuhakikisha kwamba bado hakuna kitu, na kila mara nilitoka mwepesi.

Siku ya tisa seva ilijaa pomoni kwa nakala zake yenyewe. Mchora ramani mmoja akahifadhi kazi yake, faili likakatikia katikati, na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Bosi alikuja kusimama mlangoni. Wifi akaanza kukagua: mashine ya stoo inaitika, ndiyo, diski ya seva ina nafasi, hapana. Akaiuliza seva ni folda gani za mtandao imeunganishwa nazo, na ya stoo haikuwemo. Akanung'unika kwamba muda wote alikuwa akiangalia nakala zikiondoka, hakuangalia kama zinafika.

Ili ajue ni tangu lini, akafungua kumbukumbu za mashine ya stoo, zinazoandika nani ameingia na saa ngapi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Jumanne, saa nane na dakika kumi, jina langu. Jumatano, jina langu. Alhamisi.

"Kuna mtu aliyejua hili kabla ya leo?" bosi akauliza.

Wifi ingemtosha kumgeuzia kioo cha kompyuta tu. Akalifunga dirisha la kumbukumbu zile.

"Hapana, bosi. Kosa ni langu, sikuweka ukaguzi."

Bosi alisema kwamba nakala inayokaa diski moja na kazi yenyewe si nakala, na kwamba hawezi kumthibitisha kazini. Amalize mwezi, aage. Wifi akaitikia, akarudi kwenye ndoo yake, akaongeza mistari miwili kwenye maagizo ya seva: kazi isianze kama folda haijaunganishwa, na ujumbe usitoke kabla faili hazijahesabiwa upande wa pili. Kisha akaenda stoo.

Nilimfuata, nikaanza kumshukuru kwa sauti ya chini.

"Usinishukuru, wifi. Nimeficha kwa ajili ya kaka, si kwa ajili yako. Akijua hatakutazama tena vilevile, na anakupenda. Mimi kazi nitapata nyingine."

Akanipita, akatoka. Aibu niliiona, sikatai. Lakini acha niseme kweli: nilibaki pale katikati ya maboksi nikimwonea wivu kuliko siku zote, maana katika miaka minane sijawahi kumpenda mume wangu kiasi kile.