Inchi Moja ya Mjomba

Mjomba wangu, fundi cherehani, hakuwahi kumshonea mtu nguo bila kuongeza inchi moja katika kila kipimo. Alikupima kwa tepu aliyoachiwa na babu, akaandika, akaongeza inchi yake, ndipo akapima kitambaa kwa rula ya mbao na kukikata. Ukimwuliza kwa nini, alijibu kuwa babu alifanya hivyo. Mazungumzo yaliishia hapo.

Mimi, niliyetoka chuoni na shahada ya siasa na domo refu, nikamwita mhafidhina. Akaweka mkasi chini, akataka kujua hilo ni tusi la aina gani. Nikamweleza kwamba zamani, ng'ambo huko, watu walimpindua mfalme wao, na kwa kuwa mikono ilishawawasha, wakabadilisha hadi majina ya miezi. Majirani wakaingiwa na hofu. Wakasema kilichodumu kising'olewe kwa pupa, huenda kinabeba kitu tusichokiona. Kilichoharibika kirekebishwe polepole. Hao ndio walioitwa wahafidhina. Mjomba alifurahi mno. Kumbe miaka yote alikuwa na itikadi na hakuna aliyemwambia.

Lakini harusi yangu ilikuwa Jumamosi, na suti ya mchumba wangu ilikuwa mezani pake. Sikutaka mume wangu avae itikadi. Nikang'ang'ania inchi isiongezwe, nikanuna, na Mjomba, kwa kuwa ananipenda, akakubali shingo upande.

Alhamisi mchumba wangu akaijaribu. Vifundo vya miguu vilikuwa nje, na kifungo cha kiunoni kiligoma kabisa. Nikailaza tepu kando ya rula. Ilikuwa imevutika kwa uzee. Kila aliyepimwa nayo alitoka mfupi na mwembamba kuliko alivyo. Babu alilijua hilo, akaongeza inchi, akafa bila kueleza.

“Unaona?” Mjomba akasema. “Ilikuwa inabeba kitu.”

“Lakini hukujua inabeba nini.”

“Wewe ulijua?”

Hilo liliniuma. Nikatoka kumnunulia tepu mpya. Akampima mchumba wangu upya, akashona Ijumaa kutwa, na suti ikafika Jumamosi asubuhi, hakuna tena muda wa kuijaribu.

Bwana harusi alinivisha pete kwa mkono mmoja. Wa pili ulishikilia suruali, ambayo alikuwa ameikanyaga tangu mlangoni. Tulipofika kwa Mjomba kupokea pongezi, nilimwuliza kama aliongeza inchi.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

“Mwanangu, si tulikubaliana kwamba inabeba kitu?”