Mpe Kamba Mkononi

Nakumbuka asubuhi moja karibu na Kutulo, mwanangu, enzi za Mwingereza. Nilikuwa bibi harusi wa miezi miwili, na tulikuwa tunahama kwa sababu kisima kilikuwa kimebaki tope. Ngamia amepiga magoti, miti ya nyumba na mikeka iko mgongoni, na juu yake angepanda mama mkwe wangu, aliyepigwa na kiharusi mwezi uliotangulia. Fundo la kamba ya mzigo likiteleza, anaanguka yeye.

Na fundo hilo sikulijua. Kwetu alilifunga dada yangu. Mimi nilijisifu tu kwamba nalijua, ili nionekane mke wa maana. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye mbavu za ngamia.

Nikafunga. Mama mkwe akatazama kutoka mkekani, akasema, "Siyo." Nikafungua, nikafunga tena. "Siyo."

"Hooyo, basi nionyeshe," nikamwambia. Hooyo ndiyo mama kwetu. Akainua ule mkono wake mzima, ukatangatanga hewani kana kwamba unafukuza nzi, kisha ukasimama. Aliona haya. Nami, Mungu anisamehe, nikanong'ona, "Kichwa kimekwisha, na bado ananikosoa."

Wifi yangu Dahabo alinisikia. "Kichwa kilichokwisha kingejua umekosea?" akanikaripia. "Wallahi, nani amewahi kufunga ngamia hewani? Mpe kamba mkononi!"

Tukamsogeza hadi ubavuni mwa ngamia, nikamshikisha kamba. Mwanangu, ule mkono uliamka! Ukapita chini, ukarudi, ukakaza, meno yakishika ncha ya pili. Mimi nilikuwa nimekaa tukitazamana, nikamwiga kwa kamba nyingine ya mzigo, likatoka fundo lililopinda kinyume. "Siyo," akasema, safari hii akicheka. Akanivuta nikae kando yake, bega kwa bega, nione anavyoona yeye. Hapo mkono wangu ukafuata wake. Akalivuta fundo langu mara mbili.

"Waa hagaag," akasema. Ni sawa.

Nilishusha pumzi, nikalia, nikacheka, yote kwa pamoja. Ngamia akainuka na Hooyo juu, na fundo langu likashika hadi tulipofika penye maji siku ya tatu.

Mjukuu wangu anayesomea uuguzi ananiambia ni ubongo unaotambua kazi ya mkono wa mwenzio na kuiiga, na kwamba ugonjwa waweza kumnyima mtu uwezo wa kuonyesha kazi kwa ishara, ukamwachia uwezo wa kuitambua. Nimefurahi kusikia, ingawa Hooyo alinifundisha bila kitabu.

Basi mwanangu, usijisifie usilolijua. Kuuliza si ujinga. Ukijifunza kazi ya mkono, kaa upande wa fundi. Na mzee akishindwa kukujibu, usiseme amekwisha, jiulize kwanza kama umemuuliza vizuri. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mungu aibariki mikono yako, na siku mikono hiyo itakapokusahau, akujalie watu wenye subira. Amin.