Ukurasa wa Mshtarii Ukutani

Harufu inayonirudisha utotoni haraka kuliko nyingine zote ni ya gundi ya unga wa ngano. Mama alikuwa akiukoroga unga kwa maji moto mpaka unate, anaupaka kwenye kuta za udongo za nyumba yetu, kisha anabandika juu yake kurasa za magazeti ya zamani. Kwa siku kadhaa nyumba nzima ilinuka uji uliochacha, na mende walifurahi. Nyumba nyingi za upande wetu, kwenye vilima vya chai kati ya Kericho na Bomet, zilivishwa hivyo kabla ya mwezi wa saba, kwa sababu mwezi huo kwetu mvua ya mawe huanguka mchana, na asubuhi yake mtu huogopa kutoa mkono nje ya blanketi. Mama hakuchagua habari. Mheshimiwa mmoja aliyekuwa akicheka alibandikwa kichwa chini karibu na tangazo la sabuni, na hapo akakaa akitucheka miaka yote. Mama alichotaka ni karatasi nene ya kuziba nyufa.

Karatasi nene kuliko zote zilitoka kwa Mwalimu Odhiambo, mwalimu wetu wa sayansi. Alikuwa mtu wa kutoka kando ya ziwa, aliyehamia kwetu pamoja na familia yake, na kila asubuhi aliilalamikia baridi yetu kama mtu aliyedhulumiwa. Alipomaliza kusoma majarida yake ya sayansi alimpa Mama, akijua fika yanakokwenda. Ndivyo ukurasa wa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ulivyofika ukutani kwetu, ubavuni mwa kitanda changu. Ulikuwa na picha mbili zilizopigwa na chombo kilichotumwa angani. Ya kwanza ilionyesha sayari hiyo kama jicho lingeiona: duara kubwa lenye mistari ya kahawia na nyeupe, kama chai iliyotiwa maziwa kabla hujaikoroga. Ya pili ilikuwa sayari ileile, lakini kamera iliyoipiga iliona joto badala ya mwanga. Hapo Mshtarii ilikuwa nyeusi, na penye nafasi kati ya mawingu yake paling'aa rangi ya machungwa, ungedhani ni jiko ambalo makaa yake yamefunikwa jivu. Maelezo ya chini, kwa Kiingereza nilichokisoma kwa kukifuata na kidole, yalisema kwamba sayari hii inatoa joto jingi kuliko lile inalopata kutoka kwa jua.

Mimi sikushangaa hata kidogo. Mtoto aliyelelewa na chai anajua kwamba kitu kinaweza kupata joto bila jua wala moto. Shindilia majani mabichi ndani ya gunia, lori la kiwanda lichelewe, kisha tia mkono katikati: utakuta joto kama la kwapa. Yakiachwa hivyo yanageuka mekundu, na karani wa kituo cha kununulia majani anayakataa mbele ya watu wote. Ndiyo maana kazi yetu watoto pale kituoni ilikuwa kuyamwaga majani na kuyatandaza yapate hewa. Basi siku Mwalimu Odhiambo alipouliza darasani Mshtarii ilitoa wapi joto lake yenyewe, nilisimama na kueleza, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, kwamba ilishindiliwa kwenye gunia na lori halikuja. Darasa lilicheka mpaka darasa la jirani likanyamaza kutusikiliza. Mwalimu hakucheka, au labda alicheka akiwa ameelekea ubao.

"Chebet, hapo kwa kushindiliwa umepata," alisema. "Lakini majani yale yako na joto kwa sababu bado yanapumua. Sayari haipumui."

Akatueleza kwamba Mshtarii ilipoumbwa, gesi na vumbi visivyo na kipimo viliangukiana na kujibana, na kule kubanwa ndiko kulikoleta joto. Tangu siku hizo za mwanzo kazi yake imekuwa kupoa tu. Haijamaliza kupoa kwa sababu ni kubwa mno. Akauliza ni kipi kinachopoa upesi, ugali wa mtoto kwenye sahani au ugali wa sufuria kubwa ya matanga. Hilo tulilijua sote. Ule wa matanga unaweza kushika ukingo wake ukaona umepoa, ukamega katikati ukaungua vidole. Kitu kikubwa kina mengi ndani na ngozi yake ya kupotezea joto ni ndogo ukilinganisha na tumbo lake, alisema Mwalimu. Kitu kidogo ni karibu ngozi tupu, na joto lake haliishi kutoroka. Niliandika hayo, nikayakariri, na sikudhani yatanihusu nje ya mtihani.

Mwezi wa saba wa mwaka huo Mama alijifungua kabla ya wakati. Ndugu yangu Kiprop alizaliwa siku ya mvua, na ndiyo maana ya jina lake, akiwa mdogo hata Kogo, nyanya yangu mzaa baba, alipomwona mara ya kwanza alifunika mdomo. Hospitali iliwaweka mpaka kitoto kikajua kumeza, ikawaruhusu, na siku chache baadaye Mama akashikwa na homa mbaya akarudishwa kulazwa. Wadi ilijaa wagonjwa, ikaonekana afadhali kitoto kibaki nyumbani. Maziwa ya Mama yaliletwa kwa chupa, Kogo akamnywesha kwa kijiko, tone baada ya tone, akimwimbia. Kula alikuwa anakula. Kilichotushinda ni baridi. Kogo alimfunga blanketi juu ya blanketi mpaka akawa furushi la kubebwa kwa mikono miwili, na bado ukiingiza kidole ukagusa unyayo wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mdomo wake ulianza kuwa na rangi ya kijivu.

Muuguzi wa zahanati alipita akamfungua. "Kogo, hizi blanketi hazitengenezi joto," alisema. "Zinachunga tu ile iko ndani, na huyu hana. Awekwe kwa kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, asitolewe. La sivyo tutampoteza." Kogo akafungua gauni lake mara moja, akamweka. Lakini Kogo alikuwa mkongwe, mifupa na ngozi, na mikono yake haikuwahi kupata joto hata kando ya moto. Nikajaribu mimi. Nililala chali na ndugu yangu juu ya mbavu zangu, nikasikia moyo wake ukienda mbio kama wa kifaranga, na baada ya muda tukawa tunatetemeka wote wawili. Niliogopa. Sikuwahi kuogopa namna ile, na nikajua kwamba watu wazima pia wameogopa, maana hakuna aliyekuwa akinikemea kwa lolote.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa akisimama hapo kila asubuhi, mguu mmoja ndani na mwingine nje, akiuliza kitoto kimeamkaje, kisha anakwenda zake kukamua. Msidhani hakujali. Desturi ya wazee wetu Wakipsigis ilikuwa kwamba mwanaume hakaribii kitoto kichanga. Ilisemekana jicho la mwanaume ni zito kwa mtoto, na kwamba mwanaume anayekumbatia kichanga hulegea, hata akisimama barazani haheshimiwi. Sikuwa nimewahi kumwona baba yeyote wa kijiji chetu akibeba mtoto asiyejua kutembea. Na Baba, Arap Langat, alikuwa mtu mkubwa kupita wote. Aliinama kuingia kila nyumba. Asubuhi ya baridi akivua koti baada ya kupasua kuni, mgongo wake ulifuka mvuke. Nikamtazama pale alipojaza mlango wote, nikatazama ukurasa ulio ubavuni mwangu, na maneno yakanitoka kabla sijayapima.

"Baba, wewe ndiye mkubwa. Wewe ndiye hupoi."

Hakunielewa. Nikamwonyesha ukutani, nikamweleza mbiombio kuhusu Mshtarii na ugali wa matanga, kitoto kikiwa bado kifuani mwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akamtazama mama yake. Kogo akasema kwa upole kwamba mwanaume hashiki mtoto hivyo, na watu watasema nini. Baba akajibu, "Watasema wakiwa wamekaa kwao." Akaingiza mguu uliokuwa nje. Akavua kabuti, akavua sweta, akafungua shati, akaketi kwenye kigoda akiwa ameelekea ukuta ili asitutazame usoni. Nilidhani Kogo atapiga kelele. Badala yake alinitoa ndugu yangu kifuani, akamlaza juu ya kifua kile kipana chenye nywele, akawafunika wote wawili kwa kabuti. Halafu akaenda akafunga mlango, akatia komeo, mchana kweupe.

Ule mlango ulikaa umefungwa kipindi kirefu. Kogo alitangaza kijijini kwamba Arap Langat ana homa ya kuambukiza. Nilikamua mimi, jirani akatuchumia chai, na Baba akakaa kwenye kigoda chake akiitazama Mshtarii, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama isipokuwa yule mheshimiwa aliyepinduliwa. Alinifanya nimsomee maelezo ya picha mpaka akayajua kwa moyo. Siku moja alikuja rafiki yake wa rika moja, akitoka soko la mifugo la Chebunyo, akakataa katakata kurudishwa mlangoni. Akaingia, akaketi, akampa Baba pole, akaanza habari za bei ya ng'ombe. Baba alikuwa amejifunga kabuti mpaka kidevuni, ameketi wima kama askari. Katikati ya habari za ng'ombe kifua chake kikalia kama paka. Yule mzee akatazama dari, akatazama kiatu chake. "Arap Langat," alisema hatimaye, "hiyo homa yako iko na sauti." Mgeni akanywa chai yake yote, akaaga, na tangu siku hiyo mpaka leo sijasikia kwamba alimwambia mtu.

Unyayo wa Kiprop ulipata joto siku ile ya kwanza, kabla ya chai ya jioni. Baba ndiye aliyetuambia, kwa sauti ndogo sana, "Amenipiga teke." Nilimpenda sana baba yangu wakati huo. Mama aliporudi kutoka hospitali, hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Alisukuma mlango, Kogo akafungua komeo, naye akamkuta mume wake mbele ya ukuta na kichwa cha mwanawe kikichungulia kwenye kola ya kabuti. Alikaa juu ya kitanda changu akalia, nami nikadhani tumekosea.

Nyumba ile haipo tena. Tumejenga ya matofali, na ukurasa wangu ulianguka pamoja na udongo wake. Kogo alishatangulia. Mimi nafanya kazi katika kiwanda cha chai, kwenye vitanda vya kunyaushia majani, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuhakikisha hayapati joto, jambo ambalo Mwalimu Odhiambo angelifurahia. Picha za sayari sasa nazipata kwenye simu. Vyombo vipya vimeisogelea Mshtarii kuliko vile vya zamani, na picha zake za joto ni nzuri hata naona aibu kuzilinganisha na ile yangu iliyokuwa na alama za vidole vya gundi. Nimejifunza kwamba katika sayari ya Zohali matone ya gesi nzito huanguka ndani kwa ndani kama mvua isiyofika chini, na kuanguka huko huiongezea joto. Nimesoma pia kuhusu Uranasi, ile ya mbali, ambayo kwa muda mrefu ilidhaniwa imeishiwa kabisa na joto lake. Wamepima upya, wakasema limebaki kidogo.

Hiyo ya Uranasi nilimsomea Baba mwezi wa saba uliopita, nilipokwenda kuwaona. Amezeeka. Ule mwili wote umekwenda nisikokujua, kabuti lilelile limemkalia kama limetundikwa msumarini, na siku hizi ndiye anayelalamika kuhusu baridi. Alinisikiliza, akauliza, "Na Mshtarii? Bado haijapoa?" Nikamwambia bado. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa salamu za rafiki. Wakati huo Kiprop akaingia kutoka shambani, akiinama kupita mlangoni, maana amekuwa mtu mkubwa, na mgongo wake ulikuwa ukifuka mvuke. Akamshika Baba mkono kumsalimia, akashtuka. "Ai, mzee, mikono iko baridi hivi na mko tu hapa mmekaa?" Akapiga magoti mbele ya kiti, akainua sweta yake, akaichukua ile mikono miwili iliyokonda akaiweka kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akateremsha sweta juu yake. Baba hakuitoa. Nje, majirani walikuwa wakipita na vikapu vya chai, wakitazama ndani na kutusalimia, nasi tukawaitikia, na hakuna aliyeinuka kufunga mlango.