Chumba cha Wazazi Kisicho na Mlango

Khairat binti Rajab alipokwenda Unguja kusomea ukunga, baba yake aliwaambia watu wa kijiji chao cha Wingwi kwamba bintiye anasomea udaktari. Hakuwa muongo mzee yule, aliona haya tu. Unesi wakati ule, machoni pa wengi, ulikuwa kazi ya kumwaga mikojo ya watu. Binti aliporudi na sare yake nyeupe na kupangiwa kituo cha afya karibu na kwao, siri ikafichuka, na Mzee Rajab akawa anapita njia ya mashambani asikutane na wanaomuuliza, "Daktari wetu hajambo?" Alikuja kuizoea kazi hiyo mjukuu wake wa kwanza alipopokewa na mikono ya Khairat. Tangu siku hiyo neno nesi likamtoka kinywani bila kukwama.

Sasa Khairat ni mtu mzima, na vijana wengi wanaopita mbele ya kituo aliwapokea yeye walipozaliwa. Ni mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, sauti yake husikika hadi barabarani. Lakini yako yanayomkera. Mgonjwa akipona, jamaa humshukuru daktari. Akizidiwa, nesi ndiye aliyezembea. Wako wanaomwita kwa mluzi. Na kuna siku mgeni kutoka mjini alimshikisha birika na kumwambia chai isiwe na sukari nyingi, naye yuko mbioni kumfunga kitovu mtoto.

"Mie sikatai kumpa mtu chai," alimwambia Petronila jioni ile. "Lakini aniombe kama mtu anayeomba, si kama aliyenikuta jikoni kwake."

Petronila ni nesi mwenzake, kijana, binti wa familia ya Kikristo ya Wawi ambayo wazee wao walitoka bara. Alipofika kituoni alikuwa mkimya na mwepesi wa kulia. Khairat akamlea kama mwanawe, akamfundisha kumtuliza mzazi anayepiga kelele na kumnyamazisha mwanamume anayefoka, na mchana akawa anamletea mkate wa kumimina uliofungwa kwenye kitambaa.

Kubwa lililowasumbua lilikuwa mlango. Ule wa chumba cha wazazi, wanamojifungulia wanawake, uliliwa na mchwa ukaanguka, na benchi la wagonjwa linatazamana na chumba hicho. Kila kikao Khairat aliliulizia jambo hilo, na kila kikao aliambiwa avute subira. Mwisho alichukua kanga zake mbili nyumbani, akaziunga kwa sindano, akazitundika kwa kamba.

Zikatumika hivyo muda mrefu, mpaka asubuhi aliyokuja Bwana Haroub, msimamizi wa vituo, kuwatangulia wageni waliokuwa njiani kuja kukikagua kituo.

"Hizi kanga vipi?" akauliza. "Wageni wanakuja kupiga picha. Hapa si nyumba ya harusi. Zitoe."

"Nikizitoa, wazazi niwasitiri na kitu gani?"

"Leo tu. Halafu tutaona."

Petronila alifungua kinywa kujibu, Khairat akamgusa mkono. Akazitungua kanga, akazikunja taratibu.

Wageni hawajafika, ikasimama bodaboda. Ameletwa Asya, mimba yake ya kwanza, uchungu umeshamshika, na mkwewe Bi Moza amemkumbatia kwa nyuma asianguke. Hapakuwa na nafasi ya kungoja. Asya akapandishwa kitandani, Petronila akavaa glovu pekee zilizobaki. Lakini mzazi alipotupa macho mlangoni na kuliona benchi limejaa, akabana miguu.

"Bi Khairat, watu wananiona."

Khairat akatoka hadi kizingitini. Hakufoka. "Jamani," akasema, "nani atanisitiria mwanangu?"

Bi Moza ndiye aliyeanza. Alivua kanga yake ya juu, akaitandaza kwa mikono miwili mlangoni, akakipa chumba mgongo. Mwanamke wa pili akasimama, na wa tatu, hata benchi likabaki na wanaume, nao wakainuka wenyewe wakatoka nje juani. Asya akaambiwa sasa sukuma, mwanangu, sukuma.

Haroub akaingia na wageni wake. "Tupisheni kidogo, mama zangu. Wageni wanataka kuona chumba."

"Mna mzazi ndani, baba," akajibu Bi Moza.

"Ni mara moja tu."

"Mama yako alipokuzaa, alipitishwa mgeni gani kumwangalia?"

Alimuuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli. Mmoja wa wageni, mama wa makamo, akasema wao watangojea nje. Wakangojea, wakajifuta jasho, hadi kilio cha mtoto kikasikika.

Khairat alipotoka, aproni imelowa, Haroub alikuwa amemngojea penye ngazi.

"Umenitia aibu, Bi Khairat."

"Aibu ilikuwapo kabla ya leo. Sote tumeizoea, ndiyo maana hatuioni. Mie mkunga, Bwana Haroub. Nikisema mlango hakuna, msidhani nalalamika. Ndiyo kazi yangu hiyo, kusema." Hapo machozi yakamtoka, na akachukia kumlilia mtu yule mbele ya macho yake.

Haroub aliinamisha kichwa. "Niwie radhi," akasema kwa sauti ya chini.

Mlango uliletwa baada ya mvua za masika, akaja nao fundi juu ya gari la ng'ombe. Ni wa mbao hafifu, ukishika unyevu lazima usukumwe kwa nyonga, lakini unafungika. Glovu bado haba. Mluzi nao haujaisha. Khairat akipigiwa haitiki, anaendelea na shughuli zake mpaka mwenyewe aje amwite kwa jina.

Kumbe Petronila alikuwa ameshaomba uhamisho wa Chake Chake, karibu na kwao, na alimficha Bi Khairat. Uhamisho ukakubaliwa. Alimwambia huku akitazama chini, Khairat akamuuliza ataondoka lini.

"Baada ya Idi," alisema Petronila.

Idi ikapita, wakala pamoja kwa Khairat. Siku ya pili yake, badala ya kuondoka, Petronila alikuwa kazini, anapima presha za wajawazito, na mchana Khairat akamletea mkate wa kumimina kama kawaida.